Je, Maneno Yanayofanana ni Ndugu? Mjadala wa Kamatanda

Swali la kama maneno mawili yenye sura moja katika lugha mbili yana asili moja limejibiwa na wataalamu wa lugha kwa kanuni tangu karne ya 19, lakini wasemaji wa kawaida huendelea kulijibu kwa sikio, na majibu hayo mawili hukutana kila siku katika miji ya migodi ya Katanga, nchini Kongo. Kamatanda, mtaa na eneo la machimbo ya shaba kando ya mji wa Likasi, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, ni mahali panapofaa kuupima ubishi huo. Wenye nchi hiyo ni Wasanga, ambao lugha yao iko karibu na Kiluba. Katika karne ya 19 walitawaliwa na Wayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Tabora na kujenga makao makuu yao Bunkeya, hadi Msiri alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kisha ikaja kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ambayo iliwakusanya migodini wasemaji wa Kibemba na Kilamba kutoka Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Waluba kutoka Kasai, na katika miaka ya 1920 watu wa Ruanda-Urundi. Juu ya lugha zote hizo kilienea Kiswahili cha kazini, ambacho leo ni lugha ya kwanza ya watoto wengi wa Likasi, na juu yake tena Kifaransa cha ofisi na shule, huku Kilingala kikiingia kwa njia ya jeshi na muziki.

Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti tatu ambazo si za watu halisi bali ni za misimamo inayosikika mahali kama hapo. Mzee ni mstaafu wa Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, na anasimamia upande wa sikio. Mwalimu anafundisha lugha, na anasimamia upande wa kanuni. Mama anauza unga sokoni, na swali lake kwa wote wawili ni neno linamfanyia nini anayelisema. Wote watatu wangezungumza Kiswahili cha Katanga. Hapa hoja zao zimewekwa katika Kiswahili sanifu, isipokuwa yale maneno yanayobishaniwa.

Mzee: Hoja ni nyepesi, Mwalimu, na haihitaji kitabu. Kiswahili kina *mtu*, Kibemba kina *umuntu*, Kiluba kina *muntu*, Kilingala kina *moto* kwa maana hiyo hiyo, na Kiswahili cha hapa, wakiwa wengi, huwaita *bantu*. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezipa lugha hizi jina la Bantu katika karne ya 19, hakufanya zaidi ya kusikiliza kile ambacho mfanyakazi yeyote aliyelala kambi moja na makabila kumi amekwisha kukisikia. Maneno yakifanana, yamezaliwa pamoja.

Mwalimu: Mfano wa *mtu* ni sahihi, Mzee, lakini haukuthibitishwa na sikio, na ushahidi umo katika Kilingala alichokitaja Mzee mwenyewe. *Moto* wa Kilingala anayemaanisha mtu anafanana herufi kwa herufi na *moto* wa Kiswahili unaounguza, na sikio lingewaita mapacha. Hata hivyo Kilingala kina *moto* wa pili wenye maana ya moto, na wa tatu wenye maana ya kichwa, ambao wote watatu huandikwa hivyo hivyo magazetini, ingawa msemaji huwatenganisha kwa toni, yaani kwa kupandisha na kushusha sauti, na kwa uwazi wa irabu. Kwa hiyo *moto* wa Kiswahili ana ndugu mmoja wa kweli katika Kilingala na wawili wa kusingiziwa. Sikio lisilojua toni litawapokea wote watatu kwa ukunjufu ule ule.

Mzee: Hilo ni kosa la maandishi, si la sikio.

Mwalimu: Basi mfano usio na toni wala maandishi. Kibemba kina kitenzi *penda*, na Kiswahili kina *penda*. Sauti ni zile zile tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini Mbemba anayetaka kusema amempenda mtu hutumia *temwa*, kwa maana *penda* kwake ni kuhesabu, na idadi huitwa *impendwa*.

Mzee: Na je, anayependa mali yake si ndiye anayeihesabu kila jioni?

Jibu hilo la Mzee ni la kuchekesha, lakini ndani yake mna udhaifu mzima wa njia yake. Kati ya maana mbili zozote, msimuliaji hodari anaweza kujenga daraja kwa dakika moja; kupenda na kuhesabu, kuzaa na kulima, jiwe na mfalme, vyote vinaunganika akipatikana mtu mwenye ulimi. Elimu ya asili za maneno, ambayo huitwa etimolojia, ilijaa hadithi za aina hiyo katika nchi zote, hadi wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 walipokubaliana kwamba hadithi ya maana haitoshi, na kwamba anayedai undugu kati ya maneno mawili lazima aonyeshe kanuni ya sauti inayofanya kazi pia katika maneno mengine. Kanuni hiyo huitwa mlingano wa sauti. Carl Meinhof aliitumia kwa lugha za Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akaipanua katika juzuu nne zilizotolewa kati ya mwaka 1967 na 1971, ambamo lugha zimepangwa kwa kanda zenye herufi: Kiswahili kikiwa katika kanda ya G, Kibemba na Kilamba katika M, Kisanga, Kiluba na Kilunda katika L.

Mwalimu: Mama, anapokuja mteja kutoka upande wa Zambia sokoni na kusema *ikala*, anakusudia nini?

Mama: Anamkaribisha mtu kukaa, au anamwambia mwenzake akae. Hata hapa watu husema *kuikala*.

Mwalimu: Kiswahili cha pwani kina *kaa*, Kibemba kina *ikala*. Kiswahili kina *lia*, Kibemba kina *lila*. Kiswahili kina *vaa*, Kibemba *fwala*. Kiswahili kina *zaa*, Kibemba *fyala*. Kiswahili kina *leo*, Kibemba *lelo*. Na *omba* ya Kiswahili ni *lomba* kwa Kibemba. Katika kila jozi kuna *l* ya Kibemba ambayo Kiswahili cha pwani kimeiangusha, na hakikuiangusha mara moja kwa bahati bali mfululizo. Anayeyatazama *zaa* na *fyala* peke yao hataona ufanano wowote wa kujivunia. Lakini pengo la *l* ni lile lile la *kaa* na *vaa*, na pengo linalojirudia hivyo ni ushahidi mzito kuliko ufanano wa *penda* na *penda*, ambao umesimama peke yake bila jirani.

Mzee: Kwa hiyo maneno yanayotofautiana ndiyo ndugu, na yanayofanana ndiyo wageni? Huko ni kuugeuza ulimwengu juu chini, Mwalimu.

Mwalimu: Si lazima iwe hivyo kila mara, Mzee. *Tatu* ni tatu karibu kila mahali. Kinachosemwa ni kwamba ufanano ni swali, na mlingano ndio jibu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu msimamo wa Mwalimu, ingawa ndio sahihi, huonekana kuwa ubishi wa kitaaluma mpaka ipimwe nguvu ya bahati nasibu. Lugha zote hutumia idadi ndogo ya sauti kutaja idadi kubwa ya vitu, na kwa hiyo migongano haiepukiki. Mfano unaotajwa sana na wataalamu ni wa Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland nchini Australia, ambamo mtafiti R. M. W. Dixon alikuta kwamba mbwa huitwa *dog*, sawasawa na Kiingereza, na ingekuwa rahisi kusema limekopwa. Lakini milingano na lugha za jirani ilionyesha kwamba neno hilo lilitokana na umbo refu la kale lililofanana na *gudaga*, likapunguzwa hatua kwa hatua kwa kanuni zile zile zilizopunguza maneno mengine ya lugha hiyo. Afrika Mashariki ina mfano wake ulio karibu zaidi: *kata* ya Kiswahili na *cut* ya Kiingereza zina maana moja na sauti zinazokaribiana, na wapo wanafunzi wanaoamini kwamba moja imetoka kwa nyingine, ilhali *kata* imeenea katika lugha za Kibantu tangu kabla Mwingereza yeyote hajafika pwani. *Mama* na *baba* ni jambo la tatu tena. Roman Jakobson alieleza kwamba maneno ya wazazi hufanana duniani kote kwa sababu watoto wachanga wa dunia nzima huanza na midomo, na wazazi wa dunia nzima hujisikia wameitwa.

Mama: Mzee na Mwalimu wanabishana kuhusu mababu wa maneno, lakini sokoni hasara hutokea leo. Malori yanakuja kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Dereva akisimamishwa barabarani na kuombwa *mukanda*, akiwa mtu wa pwani, ataangalia kiuno chake, maana kwao mkanda ni wa kufungia suruali, wakati anayemsimamisha anataka barua au hati ya mzigo. Akiambiwa kwamba mwenye lori lake amekwenda *mukini*, atafikiri amekwenda mjini, kumbe amekwenda kijijini. Akisikia kijana akimwita mwanamume mwenye ndevu *yaya*, atashangaa kwa nini mwanamume huyo amekuwa mlezi wa watoto, kumbe ni kaka mkubwa anayeheshimiwa. Na akitaka kumsalimia *bibi* wa mwenyeji wake, bora ajue kwamba anayetajwa ni mke wa mtu, si nyanya wa mtu.

Maneno ya aina hii, yenye sura moja na maana mbili katika lugha mbili, yalipewa jina la marafiki wa uongo na Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, waliotoa kitabu mwaka 1928 kuhusu maneno ya Kiingereza yanayowapotosha wasomaji wa Kifaransa. Jina hilo lilishika, na ni jina zuri, lakini linaficha jambo moja ambalo mifano ya Mama inalifichua: marafiki wa uongo si wote wa aina moja. Wengine ni wageni kabisa waliokutana sura, na wengine ni ndugu wa damu waliolelewa nyumba tofauti.

Mwalimu: *Yaya* wa dereva na *yaya* wa Likasi ni wageni. Wa pwani alitoka katika neno la Kireno *aia*, lenye maana ya mlezi, akapitia India kabla ya kufika Afrika Mashariki. Wa Kongo ni neno la heshima kwa mkubwa wa kuzaliwa, linalopatikana katika Kilingala na lugha nyingine za huku. *Mukini* na *mjini*, kinyume chake, ni nyumba moja. *Mji* wa Kiswahili na *umushi* wa Kibemba, ambao ni kijiji, ni neno moja la kale kwa mahali watu wanapokaa pamoja; pwani makazi hayo yalikua yakawa Mombasa na Kilwa, na neno likakua nayo, lakini bara likabaki kuwa la kijiji, na ile *-ni* ya mwisho inaonyesha kwamba *mukini* ilipita mikononi mwa Kiswahili.

Mzee: Na *mukanda*?

Mwalimu: *Mukanda* ndio mgumu kuliko yote. Katika Kikongo, *nkanda* ni ngozi, na pia ni barua au kitabu. Kilingala kina *mokanda* kwa barua. Pwani mkanda ni ukanda wa ngozi. Kiungo kinachoonekana ni ngozi: upande mmoja ilikatwa vipande vya kufungia, upande mwingine jina lake likapewa karatasi ilipofika.

Mzee: Na Walunda, Wachokwe na Waluvale huita *mukanda* ile kambi ya jando ambako vijana hutahiriwa. Hapo pia pana ngozi, Mwalimu!

Mwalimu: Hapo ndipo penye mtego, Mzee, kwa sababu hadithi imekuwa tamu kupita kiasi. Mpaka aonyeshwe mtu maneno mengine ambamo ngozi imekuwa kambi kwa njia hiyo hiyo, jando liwekwe kando.

Uangalifu huo wa Mwalimu unastahili kusifiwa, hasa kwa kuwa ni dhidi ya maslahi yake mwenyewe; mfano wa jando ungeipamba hoja yake. Lakini katika maneno ya kukopa, yaani yale yaliyohama kutoka lugha hadi lugha kwa biashara, dini au utawala, ni Mzee anayeshangaa zaidi, kwa kuwa huko ufanano mdogo huficha ukoo mrefu wenye ushahidi wa maandishi.

Mwalimu: Mama anauza unga, na huenda *magazini* kununua vitu vya dukani. *Magazini* ni *magasin* ya Kifaransa, na Wafaransa waliipokea kutoka Kiarabu *makhazin*, yaani ghala nyingi. Mzizi wake ni *kh-z-n*, wenye maana ya kuhifadhi, na mzizi huo huo ndio ulioipa Kiswahili *hazina*. Kwa hiyo duka la Likasi na hazina ya serikali ya Dar es Salaam ni mtoto na shangazi, mmoja akiwa amefika kwa jahazi la Bahari ya Hindi na mwingine kwa mzunguko wa Bahari ya Kati na Ubelgiji. Mtu akienda kutafuta *karte* ya uchaguzi ofisini akapewa kwanza *karatasi* ya kujaza, ameshika ndugu wawili: *carte* ya Kifaransa imetoka Kilatini *charta*, nayo imetoka Kigiriki *khartes*, jani la mafunjo la kuandikia, na *qirtas* ya Kiarabu, iliyozaa karatasi, imetoka Kigiriki hicho hicho. *Sukari* na *sucre*, *kahawa* na *kawa* ya huku, ni mambo ya aina hiyo.

Mama: Na *masomo*? Hapa mtoto huenda *masomo*, yaani shuleni, lakini wageni wa Tanzania husema ana masomo kichwani.

Mwalimu: Hilo ni Kiswahili kwa Kiswahili, Mama: darasa limechukua jina la kinachofundishwa ndani yake. Wenzetu wa Tanzania Bara wana *shule* kutoka Kijerumani, Zanzibar *skuli* kutoka Kiingereza, na Kifaransa kina *école*. Zote tatu huishia katika *skhole* ya Kigiriki, iliyomaanisha mapumziko kabla ya kumaanisha elimu.

Mzee: Haya. Lakini *shaba* ni ya hapa. Mkoa wote uliitwa Shaba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1997.

Mwalimu: Mkoa ni wa hapa, Mzee, na madini ni ya hapa, lakini neno limesafiri. Wabemba huyaita madini hayo *mukuba*, jina ambalo Mswahili asiyejua hulisikia kama *mukubwa*. *Shaba* imetoka Kiarabu, katika mzizi wa *sh-b-h*, ambao maana yake ni kufanana. Waarabu waliita hivyo ile shaba ya manjano kwa sababu ilifanana na dhahabu. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata *shabihi* na *shabihiana*, kimepata *shabaha*, na wafundishaji wa fasihi wamepata *tashbiha*, ile tamathali inayolinganisha kitu na kitu kwa kutumia *kama*.

Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, mkoa wenye utajiri wa madini kuliko mikoa mingi ya Afrika ulibeba jina ambalo asili yake ni kitu kinachofanana na kingine chenye thamani zaidi. Hakuna ushahidi kwamba serikali ya Rais Mobutu ililiona hilo. Ilikuwa ikilifuta jina la Katanga kwa sababu ya kumbukumbu ya kujitenga kwa mwaka 1960 hadi 1963, na ilichagua neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili alilielewa.

Mabishano juu ya majina ya mahali ndiyo makali kuliko yote, na jina la Kamatanda lenyewe haliepuki. Mzee anashikilia kwamba ndani yake mna *kamata*, na kwamba mtu yeyote anayechimba kwa mkono katika eneo la mgodi wa wengine anajua kwa nini. Wachimbaji hao, ambao Likasi nzima huwaita kwa Kifaransa *creuseurs*, wana sababu ya kulisikia hivyo walinzi wanapotokea. Lakini jina hilo haligawanyiki mahali hapo.

Mwalimu: Mzee alitazame jina hili pamoja na jirani zake: Kambove, Kakanda, Kapolowe. Kisanga, Kiluba na Kibemba vina kiambishi *ka-*, ambacho wingi wake ni *tu-*, na ambacho huonyesha udogo au hutangulia majina ya mahali na ya watu. Kiswahili sanifu hutumia *ki-* kwa kazi ya udogo, na kwa hiyo sikio la Kiswahili halitegemei *ka-* mwanzoni mwa jina. Likikutana nayo hutafuta neno lolote linalolijua, na *kamata* liko karibu. Baada ya hapo hubaki *-nda*, ambayo katika Kiswahili si kitu. Ukitenganisha *Ka-* na *matanda*, hakibaki kipande cha kutupwa.

Mzee: Na *matanda* ni nini? Kitanda?

Mwalimu: Lugha za eneo hili zina zaidi ya neno moja lenye *-tanda*. Kwa Wabemba *intanda* ni nyota, na *mitanda* ni vibanda vya muda vya shambani, ambavyo utawala wa Kampuni ya British South Africa ulivipiga marufuku mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu watu waliohamia huko walikuwa vigumu kuhesabiwa na kutozwa kodi. Kiswahili nacho kina *tanda*, *kitanda* na *utando*. Umbo peke yake haliwezi kuchagua kati yao. Wanaochagua ni wazee wa Kisanga wanaojua nani alikaa hapo na kwa nini.

Swali hili si mchezo wa maneno. Katika Katanga, jina la mahali limetumika kama hati ya kumiliki ardhi, na asili ya jina la mtu kama sababu ya kumfukuza. Salamu ya Waluba wa Kasai ni *moyo*, neno lile lile ambalo kwa Kiswahili ni kiungo cha kifuani, na kwao ni uhai pia. Hakuna mtaalamu anayekanusha undugu huo. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993, baada ya viongozi wa mkoa kuchochea chuki, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapo, na familia zikalala kituo cha reli zikisubiri treni za kuwarudisha katika mkoa ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona. Undugu wa maneno haukuwalinda. Wala mtu asidhani kwamba kukosekana kwake kungehalalisha lolote, maana historia ya neno huonyesha neno lilikopita, na haina mamlaka ya kusema nani akae wapi.

Linabaki suala la darasani, ambalo Mwalimu mwenyewe ndiye mshtakiwa wake. Likasi hutofautisha Kiswahili cha kila siku na kile kinachoitwa *Kiswahili bora*, yaani cha vitabu na kanisa, na mtoto anayeandika *bunga*, *bulongo*, *kulomba* au *kuvwala* hurudishiwa daftari lenye alama nyekundu.

Mzee: Mwalimu amesema muda wote kwamba *l* ya *lomba* ni ya kale na kwamba pwani ndiyo iliyoiangusha. Kwa nini basi mtoto anayeihifadhi ndiye anayekosea?

Mwalimu: Kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu, Mzee, na sanifu ni makubaliano. Tena isidhaniwe kwamba Katanga ilihifadhi Kiswahili cha kale. Ilipokea Kiswahili kutoka mashariki, kisha wasemaji wa Kiluba, Kisanga na Kibemba wakakivisha sauti za lugha zao, ambazo ndizo zilizohifadhi *l* na *b* zile.

Mama: Lakini mtoto haambiwi hivyo, Mwalimu. Huambiwa kwamba anasema Kiswahili kilichoharibika.

Kauli ya Mama ina nguvu kuliko utetezi wa Mwalimu, na rekodi iko upande wake. Edgar Polomé alieleza Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960 kama mfumo wenye sarufi yake; André Yav alikitumia mwaka 1965 kuandika historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa macho ya watumishi wa nyumbani, kazi ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990; na Fabian mwenyewe alikuwa ameonyesha mwaka 1986 jinsi utawala wa Kibelgiji, wamisionari na makampuni walivyokitengeneza na kukidharau kwa wakati mmoja. *Bunga* na *unga* zinapishana kwa *b* ile ile inayopishanisha *bulongo* na *udongo*, *bukari* na *ugali*, na *ubugari* wa Kinyarwanda hauko mbali. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, kutumika katika madarasa ya mwanzo, na kwa hiyo mwalimu wa Likasi anao wajibu wa kufundisha *unga* na haki ya kukata *bunga* kwa wino mwekundu katika mtihani. Haki ya kumwambia mtoto kwamba *bunga* ni neno lililoharibika hana, kwa sababu si kweli.